Shukrani Tatu Kila Jioni

6 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utajibu "milele amina" huku umebana misumari midomoni, na nimeshakusamehe. Habari za kazi? Mgongo umepata nafuu? Na binti yangu Kengele, bado anaamsha mtaa mzima kwa sauti yake? Mimi ni mzima. Miguu tu ndiyo inayolalamika, maana katika nyumba hii ya wazee ninakofanya kazi hakuna anayekaa kitako isipokuwa wazee wenyewe.

Kaka, sizunguki. Nina wasiwasi. Tangu niondoke mwezi wa nne umeniandikia mara mbili, na mara zote mbili umenieleza habari za viatu vya watu. Simu nimejikataza mwenyewe, kwa sababu mara ya mwisho mtoto aliposikia sauti yangu hakula siku mbili. Kwa hiyo macho yangu huko ni wewe. Zimebaki wiki tisa shule zifunguliwe, Kengele anaingia darasa la kwanza, na mimi sitakuwapo kumfunga kamba za viatu. Kila nikitandika kitanda nafikiria jambo hilo. Vitanda vyenyewe ni vingi.

Nakuomba kitu kimoja. Unakumbuka mama yetu, Mungu amrehemu, alivyotulea: kila jioni baada ya sala, shukrani tatu, tena usirudie za jana. Nataka na Kengele alelewe hivyo. Sali naye kila jioni, kisha ataje mambo matatu anayomshukuru Mungu. Uyaandike kama alivyoyasema, usipambe, unitumie. Nikiyasoma nitajua moyo wake ukoje. Na tena unajua utaratibu wa parokia yetu: Jumapili ya mwisho kabla ya shule, watoto wa darasa la kwanza wanapita mbele wakati wa misa, na kila mmoja anasema shukrani moja mbele ya watu wote. Sitaki mwanangu asimame pale kama mlingoti.

Siku hiyo na wewe uingie ndani ya kanisa, tafadhali. Umesimama mlangoni miaka yote hiyo kama askari wa zamu.

Baba yake Kengele angekuwa hai nisingekusumbua. Sasa tumebaki mimi na wewe.

Mdogo wako,
yule msumbufu


15 Julai

Mdogo wangu,

Milele amina, na misumari sijaimeza. Sisi tuko salama. Mgongo uko palepale ulipouacha. Kengele anakula, analala, ameng'oka jino la mbele na sasa akisema "shule" ananirushia mate.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, kwa kuwa uliandika kama mama alivyokuwa anaongea. Nitafanya ulivyosema. Unajua lakini mimi na shukrani tuna historia. Umesahau asubuhi ile ya kufungua shule? Mama alitupanga kwa mstari na viatu vyetu mbele, akatunyunyizia maji ya baraka, kila mtu ataje lake. Viatu vyangu vilikuwa vimeachama mbele, vidole vinachungulia nje. Nikasema mimi sina la kushukuru. Akaniambia, "Basi utasimama mlangoni mpaka ulipate." Wewe ulikuwa mdogo, ulishukuru kwa ajili ya kuku. Mimi nilikwenda kusimama mlangoni, na mpaka leo, nikiingia kanisani, miguu inagoma palepale.

Haya, hizi hapa shukrani za binti yako za juzi na jana:

Namshukuru Mungu kwa soli ngumu.
Namshukuru Mungu kwa jua, gundi imekauka vizuri.
Namshukuru Mungu kwa mguu wa kulia na wa kushoto kulingana.
Namshukuru Mungu kwa mjomba.
Namshukuru Mungu kwa uji kutoungua.
Namshukuru Mungu kwa kamba za viatu zenye ncha nzima.

Umeona? Mtoto yuko sawa. Sasa niache nifanye kazi, wazazi wameanza kuleta viatu vya shule na kila mmoja anavitaka jana.

Kaka yako


26 Julai

Kaka yangu wa pekee,

Salamu nyingi katika Kristo. Natumaini nyote wazima. Mimi leo ni mzima hadi kwenye kucha.

Nimecheka, nimelia, nimecheka tena! Mguu wa kulia na wa kushoto kulingana! Nani angewaza kushukuru jambo hilo? Nilimsomea Bibi wa chumba namba nne, yule ninayemhudumia asubuhi. Bibi huyu hakumbuki kitu. Chai ileile ananishukuru mara tano, kila mara kama ndiyo kwanza nimeileta. Aliposikia habari ya miguu akafunua shuka, akaitazama yake, akasema, "Ni kweli, inalingana." Siku nzima alikuwa na furaha.

Halafu nilimsomea msimamizi wetu. Huyu mama ni mkavu, hacheki ovyo. Akasema mtoto anayeshukuru namna hiyo amelelewa kwenye nyumba tulivu. Kaka, sijui nikushukuruje. Nilikuwa nalala na moyo mkononi. Sasa naona kama kuna mtu amenipokea mzigo mlangoni.

Ila neno dogo. Mbona hakuna hata moja inayonitaja mimi? Sidai. Nauliza tu. Labda anazo ila hukuziandika.

Niongezee nyingine upesi.

Mdogo wako


6 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Naandika haraka, viatu vimejaa mpaka juu ya kiti cha wateja na wateja wanasimama. Kila mzazi ameshtuka leo kwamba mtoto wake ana miguu. Na juu ya yote misumari midogo, ile ya visigino, inaniishia kama inaliwa. Nanunua kopo, nikigeuka imepungua. Nimemshuku mpaka panya.

Baadhi ya shukrani hizi hapa:

Namshukuru Mungu kwa mama yangu aliye mbali.
Namshukuru Mungu kwa mama yangu kunifundisha kusali.
Namshukuru Mungu kwa mama yangu, ana mikono mizuri.
Namshukuru Mungu kwa nyundo.

Hiyo ya mwisho usinitafutie sababu, watoto ndivyo walivyo.

Kaka yako


16 Agosti

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo. Mko salama? Mimi salama, ila leo nina jambo kubwa.

Msimamizi ameniita ofisini. Mkataba wangu unaisha katikati ya Septemba, na wanataka kuniongezea miaka miwili. Miwili, kaka. Jibu wanalitaka kabla ya tarehe thelathini mwezi huu. Nilimwambia nitafikiri. Akaniuliza, "Unafikiri nini, na mtoto wako ana raha vile?" Nikarudi kutandika vitanda.

Nimeweka barua zako chini ya mto. Nazisoma asubuhi kabla ya zamu. "Mama yangu, ana mikono mizuri." Nikisoma hiyo najiambia: ameelewa. Hana kinyongo. Amekua kwenye imani kama nilivyomwomba Mungu. Mtoto angekuwa anaumia, angeshukuruje hivyo? Kwa hiyo nadhani nitasaini. Akimaliza darasa la pili nitakuwa nyumbani, nami nitakuwa nimempa maisha yanayoeleweka.

Nimesema nadhani. Ukiwa na neno, liseme. Kama huna, nitajua tuko pamoja.

Fikisha busu langu kwenye lile pengo la jino.

Mdogo wako


25 Agosti

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Kaa kitako kwanza.

Shukrani zile nilitunga mimi. Zote. Ya soli, ya gundi, ya miguu, ya mikono yako. Kengele hajasema hata moja tangu uliponiomba. Kila jioni tunasali vizuri, Baba Yetu na Salamu Maria anazisema kwa sauti ya kupasua bati, halafu tukifika kwenye shukrani ananyamaza. Namwambia, "Haya, tatu." Ananiambia, "Sina." Jioni zote hizo, mdogo wangu. Sina, sina, sina.

Mwanzoni nilijiambia ni utoto, utapita. Wewe uliomba shukrani, na mimi niliona heri nikutumie kuliko nikuvunje moyo na uko mbali. Nilikaa hapa kwenye kibao, nikajiuliza mtoto hushukuru nini, na kila kilichonijia ni kilichokuwa mbele ya macho yangu. Halafu ukauliza mbona hutajwi. Nikakutaja. Ile ya mikono mizuri niliiandika nikiwa nakumbuka mikono yako kweli, kama inakusaidia kujua.

Barua yako ya miaka miwili imenifikia leo asubuhi. Nimeisoma, nikafunga kibanda, na wateja wakiniona. Nimekwenda posta kupiga simu hapo kwenu. Mtu wa mapokezi akaniambia simu za familia ni Jumapili tu, na Jumapili ijayo ni tarehe thelathini na moja. Nikamwambia ni jambo la kufa na kupona. Akauliza nani amekufa. Nikasema bado hakuna, akakata.

Nikarudi nyumbani. Nikamkalisha Kengele juu ya kiti. Nakuandikia kama tulivyosema.

"Kengele, kwa nini kila siku unasema huna?"

"Ninazo."

"Sasa mbona husemi?"

"Nimeziweka."

"Umeziweka wapi?"

Akashuka, akaingia chini ya kitanda chake, akatoka na lile kopo kubwa la rangi ya viatu nililotupa mwezi wa nne. Akalitikisa. Nikaijua sauti ile kabla hajafungua. Misumari yangu ya visigino, mdogo wangu. Kopo limejaa. Anasema kila jioni anachukua mitatu.

"Huu wa siku tulipoona sungura," akaniambia. "Huu wa jino. Huu wa siku uliponinyanyua begani." Anakumbuka kila mmoja, au anajifanya, sikuthubutu kumpima.

Nikamuuliza kwa nini basi asimwambie Mungu. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Mjomba, nikishukuru sasa, Mungu atasema, ah, huyu ameridhika. Atafunga kazi. Hatamrudisha mama." Akaweka kifuniko. "Mama akirudi nitampa zote kwa mpigo."

Mimi nimesimama kwenye mlango wa kanisa nusu ya maisha yangu na mahubiri nimeyasikia yote. Hoja ile sikuwahi kuisikia.

Sikwambii usaini wala usisaini. Maisha ni yako na jasho ni lako. Nakwambia tu kwamba ulikuwa unapima moyo wa mtoto kwa kutumia moyo wangu, na kosa ni langu. Natuma kwa posta ya haraka. Wameniahidi siku nne. Nimemwambia yule wa dirishani kwamba zikiwa tano asilete tena viatu vyake kwangu.

Nisamehe.

Kaka yako


3 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo?

Tarehe thelathini imepita. Sina neno lako. Jumapili nilipiga simu hapo kwenu, haikupokewa. Kila mwenye baiskeli akipita nje nainua kichwa nadhani ni tarishi, na jana nimejigonga kidole gumba kwa sababu hiyo. Umesaini? Barua ilifika? Umekasirika? Kasirika, una haki, lakini kasirika kwa maandishi.

Kengele anauliza kama siku ya misa utakuwapo. Nimemwambia sijui. Ni mara ya kwanza baada ya muda mrefu nimemwambia mtu wa nyumba hii jambo la kweli.

Viatu vyake vya shule nimevishona mwenyewe tangu soli. Kamba anajifunza kufunga peke yake. Anafunga fundo ambalo hata mimi silifungui.

Kaka yako


7 Septemba

Mdogo wangu,

Bado sina barua yako, na kesho shule zinafunguliwa. Naandika hivyohivyo, kwa sababu lililotokea leo siwezi kukaa nalo.

Tumekwenda misa ya kwanza. Kengele kavaa sare, viatu vinang'aa, na chini ya kwapa kalikumbatia kopo lake. Nimejaribu kumnyang'anya nyumbani, nikashindwa. Nimemfikisha kwenye benchi la mbele pamoja na wenzake, kisha nikarudi mahali pangu, mlangoni.

Baada ya mahubiri padre akawaita. Mmoja akashukuru kwa bibi yake, mwingine kwa mpira, mwingine kwa "afya njema ya wanaparokia wote", hiyo bila shaka alifundishwa na mwalimu wa katekisimu. Ikafika zamu ya Kengele. Padre akamshushia kipaza sauti. Kimya. Padre akamwinamia, "Haya, binti, unamshukuru Mungu kwa nini?" Nikasikia misumari inacheza ndani ya kopo, na kwenye kile kipaza sauti ilisikika kama mvua ya mawe. Watu wakaanza kugeuka. Nikamwona amelikumbatia kopo kwa mikono miwili, na hakuna aliyejua ile ni kazi gani anayoifanya mtoto yule, isipokuwa mimi.

Sijui niliondokaje pale mlangoni. Nilishtukia niko katikati, napita kati ya mabenchi, na aproni ya kazi nilisahau kuivua tangu alfajiri. Watu wameketi, miguu yao imejipanga huku na huku, na karibu kila kiatu nilikijua. Nikafika mbele. Nikashika kipaza sauti, kikapiga kelele, padre akanionyesha nikishike chini kidogo.

Nikasema, "Mimi mama yangu aliniweka mlangoni mpaka nipate la kushukuru. Namshukuru Mungu kwa mdogo wangu, aliyeniamini na mtoto wake. Na naomba msamaha, nilimwandikia shukrani za uongo."

Basi. Nilikuwa nimekusudia kusema zaidi ila nilikirudisha kipaza sauti. Watu wengine walicheka, si kwa ubaya. Mama mmoja wa kwaya alikuwa anajifuta macho.

Ndipo Kengele akafungua kopo. Akachagua, unajua anavyochagua, akatoa msumari mmoja, akanitilia mkononi. Kisha akavuta kipaza sauti na ile sauti yake ikarudi yote, kanisa likajaa.

"Namshukuru Mungu kwa mjomba," akasema. "Kwa mama bado."

Akafunga kopo, akarudi benchi.

Padre, nadhani, hakujua aseme amina au asiseme. Mimi nilikaa pale mbele, karibu na Kengele, mpaka misa ilipokwisha. Msumari huo uko hapa mezani ninapoandika. Sitaupigilia kwenye kiatu cha mtu.

Kama umesaini, nitamlea, usiogope, na nitakuandikia ukweli kila wiki hata ukiwa mchungu. Ila niambie.

Kaka yako


14 Septemba

Kaka yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na Kengele ni wazima. Mimi sijui kama ni mzima. Nimezidiwa tu, na nashukuru kuzidiwa.

Barua yako ya haraka ilifika tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi. Niliisoma chumba namba nne huku Bibi anakunywa chai. Nilikasirika, kaka. Nilikuandikia barua mbili, nikazichana zote mbili, maana zilikuwa na maneno ambayo mama angenitoa nayo nje. Ndiyo sababu umekaa bila jibu.

Halafu nikachoka kukasirika, maana nilijua. Ile ya mguu wa kulia na wa kushoto, kaka! Mtoto wa miaka saba! Nilijua siku ileile. Nilijua mwandiko wa moyo wako, nikaamua nisijue, kwa sababu nilihitaji mtu aniambie kwamba naweza kukaa. Wewe ulitunga, mimi nikala kwa mikono miwili. Hapo kosa si lako peke yako.

Na jingine. Niliifanya shukrani ya mwanangu kuwa ripoti ya shule. Nilitaka nisome nione amepata alama gani. Mimi mwenyewe jioni nilikuwa naanguka kitandani bila hata moja. Bibi wa namba nne anashukuru kila kitu kwa sababu hakumbuki kitu. Mwanangu hakutaka kushukuru kwa sababu anakumbuka kila kitu. Nimelifikiria hilo mpaka nikachoma shuka kwa pasi.

Barua yako ya misa imefika jana. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali. Nikifika pale kwenye "bado", nashindwa kuendelea, narudi mwanzo.

Mkataba sikusaini. Tafadhali usimwambie Kengele kitu. Mwache aende shule, afunge fundo lake, aendelee kukuibia misumari. Kopo usiliguse. Atakaponihesabia nataka nisikie mwenyewe, msumari mmoja mmoja, wa sungura, wa jino, wa begani, hata tukikaa wiki nzima.

Na barua hii usiijibu, kaka. Huku hakutakuwa na mtu wa kuipokea.

Mdogo wako